Rangi ya ndani na rangi ya nje: tofauti ni nini, na kwa nini zisibadilishane kazi

Kila msimu wa mvua unapokwisha, maswali kuhusu rangi za nyumba huongezeka. Wengi wa wanaouliza wameshapaka. Wanataka kujua kwa nini ukuta wa mbele umeanza kubanduka kabla ya mwaka kuisha, kwa nini mkono ukipita ukutani unatoka na vumbi jeupe, au kwa nini chumba cha mtoto bado kinanuka rangi wiki mbili baada ya fundi kuondoka. Mara nyingi sana jibu huanzia dukani: rangi ya ndani imepelekwa nje, au ya nje imeletwa ndani.

Kupaka nyumba ni gharama kubwa kwa familia nyingi. Fedha yake hutoka kwenye akiba ya miezi, mkopo wa kikundi au kiinua mgongo. Kuna pia suala la afya, hasa ya watoto wadogo na mama wajawazito, ambalo halionekani kwa macho. Katika makala haya tunaeleza rangi hizi mbili zinatofautiana wapi, kwa nini zinatofautiana, na mwenye nyumba afanye nini kabla ya kufungua ndoo.

Ndani ya ndoo kuna nini?

Rangi yoyote ya nyumba ina sehemu kuu nne.

Ya kwanza ni gundi. Hii ndiyo inayobaki ukutani baada ya rangi kukauka, ikashika ukuta na kushikamanisha vitu vingine vyote. Katika rangi nyingi za maji za siku hizi, gundi hiyo ni aina ya plastiki laini, na iliyo maarufu kwa ubora ni akriliki.

Ya pili ni unga wa rangi, ambao ndio unaoleta weupe, wekundu au samawati tunayoiona. Weupe wa rangi nyingi duniani hutokana na titani dioksidi, unga wenye uwezo mkubwa wa kufunika ukuta. Pamoja na unga huo huwekwa unga wa kujazia, kama ule wa mawe ya chokaa yaliyosagwa, ambao ni wa bei nafuu.

Ya tatu ni kimiminika kinachofanya rangi ipakike. Katika rangi ya maji ni maji, na katika rangi ya mafuta ni kimiminika jamii ya thina. Hiki huondoka hewani rangi inapokauka.

Ya nne ni viungo vidogo vidogo vinavyotiwa kwa kazi maalumu: dawa ya kuzuia rangi isioze ndooni, dawa ya kuzuia ukungu ukutani, kiungo cha kupunguza mapovu na kadhalika.

Tofauti ya rangi ya ndani na ya nje iko katika vipimo na aina ya vitu hivi vinne. Ndiyo maana mtu hawezi kuitambua kwa kuangalia tu. Ndoo mbili za rangi nyeupe, moja ya ndani na nyingine ya nje, zikifunguliwa pamoja zitafanana kama maziwa na maziwa.

Rangi ya nje inapambana na nini?

Ukuta wa nje hauna siku ya kupumzika. Jua la ukanda wetu wa ikweta lina miale mikali ya urujuanimno, na miale hiyo huvunjavunja gundi ya rangi taratibu. Gundi ikishavunjika, unga unabaki hauna cha kuushika, na hapo ndipo ukuta unapoanza kutoa vumbi kama chaki.

Mchana ukuta unapata moto na kutanuka. Usiku unapoa na kusinyaa. Mvua ikinyesha ghafla juu ya ukuta uliopigwa na jua tangu asubuhi, badiliko hilo hutokea kwa dakika chache. Rangi iliyokakamaa haiwezi kufuata mwendo huo, hivyo hupata nyufa nyembamba, na maji hupenya humo.

Pwani, kuanzia Mtwara, Dar es Salaam na Tanga hadi Mombasa na Malindi, kuna pia unyevu wa hewa na chumvi ya bahari. Bara kuna vumbi, na katika nyanda za juu zenye baridi na ukungu, kuta zisizopata jua hubaki na unyevu kwa muda mrefu, zikaota kuvu na mwani wa kijani.

Kwa sababu hiyo, rangi nzuri ya nje hutengenezwa ikiwa na gundi nyingi zaidi, na gundi yenyewe huwa ya aina inayonyumbulika na kustahimili jua. Huwekwa dawa zaidi ya kuzuia kuvu na mwani. Unga wa rangi huchaguliwa ule usiopauka upesi. Haya yote yanagharimu, na ndiyo sababu rangi ya nje kwa kawaida huwa ghali kuliko ya ndani ya daraja lile lile.

Rangi ya ndani imetengenezwa kwa kazi gani?

Ndani hakuna mvua wala jua kali, lakini kuna maisha ya watu. Kuna mikono ya watoto, migongo inayoegemea ukuta, makochi yanayosugua, moshi wa jikoni na mvuke wa bafuni. Ukuta wa sebuleni unahitaji kufutika kwa kitambaa bila kuacha alama. Unahitaji pia rangi inayofunika vizuri, inayokaa sawasawa bila kuonyesha mistari ya brashi, na ambayo harufu yake haikai ndani ya nyumba kwa muda mrefu.

Hapo ndipo rangi ya ndani inapojipatia sifa yake. Haihitaji kunyumbulika sana, kwa hiyo inaweza kuwa ngumu kidogo na ikastahimili kusuguliwa. Haihitaji dawa nyingi ya kuvu, kwa sababu watu wanalala na kupumua karibu na ukuta huo. Na rangi nzuri za ndani hutengenezwa zikiwa na kemikali chache zinazoruka hewani wakati wa kukauka.

Ndani yenyewe pia kuna madaraja. Rangi isiyong'aa hufaa vyumba vya kulala na dari, kwa sababu huficha mabonde madogo ya ukuta, ila ikichafuka ni vigumu kuisafisha. Rangi yenye mng'ao kiasi, ambayo mafundi wengi huiita silki, hufaa sebule, korido na vyumba vya watoto kwa kuwa hufutika. Jikoni na bafuni panahitaji rangi inayostahimili maji na mvuke, na baadhi ya viwanda hutengeneza aina maalumu kwa ajili ya sehemu hizo.

Zikibadilishana kazi, nini hutokea?

Rangi ya ndani ikipakwa nje, siku ya kwanza inapendeza. Baada ya misimu michache ya jua na mvua huanza kupauka, kisha kutoa vumbi, kisha kubanduka vipande vipande, hasa upande wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri na sehemu ya chini inayorushiwa maji ya mvua kutoka ardhini. Mwenye nyumba aliyeokoa fedha kwenye ndoo hulipa tena fundi, msasa, ngazi na rangi mpya. Na ugumu mkubwa zaidi ni kwamba rangi mpya haiwezi kushika juu ya iliyochakaa. Lazima ile ya zamani ikwanguliwe kwanza.

Rangi ya nje ikipakwa ndani, ukuta wenyewe hauharibiki upesi. Tatizo liko kwa wanaoishi humo. Dawa za kuzuia kuvu na viungo vingine vya rangi ya nje havikukusudiwa kwa chumba chenye madirisha yaliyofungwa usiku. Harufu hukaa zaidi, na mtu mwenye pumu, mtoto mchanga au mjamzito anaweza kusumbuliwa na macho, koo na kifua. Pia, kwa kuwa gundi yake ni laini zaidi, ukuta wa ndani uliopakwa rangi ya nje unaweza kukwaruzika kirahisi na kunasa uchafu pale samani zinapogusa.

Kuna rangi ambazo ndoo zake zimeandikwa kuwa ni za ndani na nje. Hizo zimetengenezwa zikae katikati, na zinaweza kufaa kwa baraza, varanda au ukuta wa nje uliofunikwa na paa refu. Kwa ukuta unaopigwa na mvua moja kwa moja, au kwa chumba cha kulala cha mtoto, ni bora kununua rangi iliyokusudiwa kwa kazi hiyo.

Rangi ya maji na rangi ya mafuta ni jambo jingine

Watu wengi huchanganya mambo mawili: husema rangi ya maji ni ya ndani na rangi ya mafuta ni ya nje. Sivyo. Kuna rangi za maji za ndani na za nje, na kadhalika za mafuta.

Kwa kuta za saruji, ndani na nje, rangi ya maji ndiyo inayofaa zaidi siku hizi. Hukauka kwa muda wa saa chache, brashi huoshwa kwa maji, na hupitisha unyevu kidogo, hivyo ukuta unaweza kupumua. Rangi ya mafuta hufaa milango ya mbao, fremu, mageti na grili za chuma, kwa sababu hutengeneza ngozi ngumu inayong'aa. Hata hivyo huchukua karibu siku nzima kukauka kabla ya mkono wa pili, hutoa mvuke mkali unaoshika moto, na ikiwa nyeupe hugeuka manjano polepole mahali pasipo na mwanga wa kutosha.

Wapo wanaopaka rangi ya mafuta kwenye nusu ya chini ya ukuta wa korido, jikoni au darasani ili uoshwe kirahisi. Inafanya kazi, mradi ukuta uwe umekauka kabisa. Ukuta ukiwa na unyevu ndani, ngozi hiyo isiyopitisha hewa huvimba kama malengelenge na kupasuka.

Ukuta kwanza, rangi baadaye

Hata rangi bora kuliko zote haiwezi kuokoa ukuta ambao haukuandaliwa. Lipu mpya ya saruji ina ukali wa magadi, kipimo chake kikifika pH 12 au 13. Ukali huo unaweza kula gundi ya rangi, hasa ya mafuta, na kuigeuza iwe laini na yenye kunata. Kanuni inayojulikana katika ujenzi ni kuacha lipu mpya ikauke kwa angalau wiki nne kabla ya kupaka, na zaidi ya hapo wakati wa masika au mahali penye baridi.

Mara nyingine chumvi nyeupe hujitokeza juu ya ukuta kama unga. Hiyo ni ishara kwamba maji yanapita ndani ya ukuta, yanayeyusha chumvi za saruji, matofali au mchanga, kisha yanakauka juu na kuziacha. Kupaka rangi juu yake ni kupoteza fedha. Piga brashi kavu, subiri, angalia kama inarudi, na tafuta maji yanakotoka: bomba linalovuja, paa, au msingi uliojengwa bila kitu cha kuzuia unyevu wa ardhini usipande.

Kuvu nako hakufunikwi kwa rangi. Sehemu yenye madoa meusi au ya kijani ioshwe kwa maji yaliyotiwa dawa ya klorini ya kufulia, iachwe kwa dakika kumi na tano hivi, isuguliwe, isuuzwe na ikauke. Vaa glavu, fungua madirisha, na kamwe usichanganye klorini na dawa nyingine ya kusafishia, hasa ya chooni, kwa sababu mchanganyiko huo unaweza kutoa gesi yenye sumu.

Baada ya hapo ndipo inapokuja praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza. Kazi yake ni kuzuia ukuta usinywe rangi ovyo, kukinga ukali wa magadi, na kuipa rangi ya mwisho mahali pa kushika. Wenye nyumba wengi huikata kwenye bajeti kwa sababu haionekani kazi ikishaisha. Kisha huishia kununua ndoo ya tatu ya rangi ya mwisho, ambayo ni ghali zaidi, ili kufunika ukuta unaoendelea kunywa.

Nyumba za mawe za pwani zina kanuni yao

Yote tuliyosema juu yanahusu nyumba za saruji. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za mji wa Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Miji hii miwili iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Mji Mkongwe tangu mwaka 2000 na Lamu tangu mwaka 2001.

Kuta za namna hiyo ni nene na hunyonya maji, kisha huyatoa kwa kukauka kupitia uso wake. Chokaa iliyopakwa juu yake huruhusu jambo hilo. Chokaa mbichi inapopakwa hunyonya hewa ya kaboni dioksidi na kugeuka tena kuwa aina ya jiwe jembamba lililoshikamana na ukuta, lakini lenye matundu madogo ya kupumulia.

Ukuta huo ukipigwa lipu ya saruji na rangi ya plastiki, maji hukosa njia. Hukusanyika ndani, hubeba chumvi, na baada ya muda lipu huvimba na kuanguka pamoja na sehemu ya ukuta wenyewe. Kwa hiyo anayemiliki au kupanga nyumba ya aina hii asifuate ushauri wa dukani unaofaa nyumba za matofali ya saruji. Chokaa inayorudiwa kila baada ya misimu kadhaa ni nafuu kuliko kujenga upya ukuta. Tena katika miji hiyo kuna mamlaka za hifadhi ambazo lazima ziulizwe kabla ya kubadilisha sura ya nje.

Hatari isiyoonekana: madini ya risasi

Kwa miaka mingi viwanda vya rangi duniani vilitia madini ya risasi kwenye rangi, hasa za mafuta, ili ziwe na rangi kali, zikauke upesi na zizuie kutu. Rangi za manjano, nyekundu na za machungwa ndizo zilizokuwa na hatari zaidi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978. Vipimo vilivyofanywa katika miaka ya karibuni katika nchi mbalimbali za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, viliendelea kukuta rangi za mafuta madukani zenye risasi kupita kiasi.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu miili yao hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima inapoingia kwa njia ile ile, na kwa sababu huweka mikono na vitu mdomoni. Risasi huharibu ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza na kutulia, na madhara hayo hayarudi nyuma. Kwa mjamzito, risasi iliyo mwilini inaweza kumfikia mtoto tumboni. Mara nyingi hakuna dalili yoyote ya wazi. Kipimo cha damu pekee ndicho kinachoonyesha.

Kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni risasi isiyozidi sehemu 90 kwa kila sehemu milioni moja za rangi, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoweka kiwango hicho. Unaponunua rangi, hasa ya mafuta kwa ajili ya kitanda cha mtoto, mlango, grili au vifaa vya kuchezea, tafuta ndoo iliyoandikwa kuwa haina risasi na yenye alama ya shirika la viwango la nchi yako, kama TBS, ZBS au KEBS.

Rangi ya zamani ina hatari kubwa kuliko mpya, kwa sababu inapokwanguliwa hugeuka vumbi. Kama nyumba ni ya miaka mingi na hujui ilipakwa nini, zingatieni yafuatayo:

– Watoto na wajawazito wahamie sehemu nyingine mpaka kazi iishe na usafi ufanyike.
– Piga msasa ukuta ukiwa umeloweshwa, si mkavu, ili vumbi lisiruke.
– Usiunguze rangi ya zamani kwa moto ili ibanduke. Moshi wake unaweza kubeba risasi.
– Ondoa vyakula, maji ya kunywa, matandiko na nguo, au vifunike kabisa kwa nailoni.
– Safisha kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Usifagie kukavu.
– Mbao za milango na fremu zenye rangi ya zamani zisitumiwe kama kuni za kupikia.

Fundi naye anahitaji kinga. Anayefanya kazi hii kila siku hupumua vumbi hili kwa miaka, kisha hulipeleka nyumbani kwenye nguo zake. Barakoa nzuri, kunawa kabla ya kula na kubadilisha nguo kabla ya kukumbatia watoto si mambo ya anasa.

Dukani: namna ya kununua

Kabla ya kwenda dukani, pima. Chukua mfano wa chumba cha mita 3 kwa 4 chenye ukuta wa mita 2.8 kwenda juu. Mzunguko wake ni mita 14. Ukizidisha kwa 2.8 unapata mita za mraba 39, na ukitoa mlango na dirisha zinabaki kama 35. Kwa mikono miwili ya rangi ni mita za mraba 70. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo utahitaji lita 7. Makopo mawili ya lita 4 yanatosha.

Nje hesabu hubadilika kwa sababu ukuta ni wa kukwaruza na hunywa zaidi. Nyumba ya mita 10 kwa 8 yenye ukuta wa mita 3 ina mzunguko wa mita 36, sawa na mita za mraba 108. Toa milango na madirisha, zinabaki kama 96. Mikono miwili ni 192. Kama lita moja inafunika mita 6 tu, utahitaji lita 32, yaani ndoo moja ya lita 20 na makopo matatu ya lita 4. Ukiwa na hesabu hii mkononi, si rahisi mtu kukuuzia ndoo usiyoihitaji, wala fundi kukudai ya ziada bila maelezo.

Kisha soma ndoo yenyewe. Imeandikwa ya ndani au ya nje? Inafunika mita ngapi kwa lita? Inachanganywa na maji kiasi gani? Ilitengenezwa lini na inaisha muda lini? Hakikisha kifuniko hakijafunguliwa. Ukinunua ndoo zaidi ya moja ya rangi ile ile, angalia namba ya toleo ilingane, kwa sababu matoleo mawili yanaweza kutofautiana kidogo na tofauti hiyo ikaonekana ukutani. Kama rangi inachanganywa kwa mashine dukani, omba karatasi yenye namba ya mchanganyiko na uitunze. Itakufaa siku ya kurekebisha sehemu ndogo.

Kwa kuta za nje, rangi zenye asili ya udongo kama kahawia, krimu na wekundu wa matofali hustahimili jua kuliko nyekundu au manjano kali. Rangi nyeupe na nyingine za mwanga hurudisha joto la jua, na nyumba hubaki na ubaridi zaidi kuliko ikipakwa rangi nzito.

Siku ya kupaka

Pwani, miezi ya kati ya Juni na Septemba, na pia Januari na Februari, hufaa zaidi kwa kazi ya nje kuliko kipindi cha masika. Usipake ukuta unaochomwa na jua. Fuata kivuli: ukuta wa magharibi upakwe asubuhi, wa mashariki upakwe mchana jua likishavuka. Wingu la mvua likionekana, subiri. Rangi ya maji ambayo haijakauka husombwa na mvua.

Malalamiko tunayoyasikia zaidi kuhusu kazi yenyewe ni kuzidisha maji. Rangi iliyoongezwa maji kupita maelekezo ya ndoo hupakika upesi na kuonekana kama imeokolewa, lakini gundi imepungua kwa kila mita ya ukuta. Mwombe fundi kwa heshima achanganye mbele yako: "Fundi, naomba tusome pamoja ndoo inasemaje." Fundi mzuri hatachukia.

Rangi ya mafuta na thina zisifunguliwe karibu na jiko la mkaa, mshumaa au sigara. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na unaweza kushika moto mbali na kopo. Ndani ya nyumba, acha madirisha wazi mchana kutwa kwa siku kadhaa, na familia isilale katika chumba kilichopakwa hadi harufu iishe.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Je, naweza kupaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta? Ndiyo, lakini si moja kwa moja. Osha mafuta na uchafu, piga msasa mpaka mng'ao uishe, kisha weka praima inayofaa. Bila hivyo, rangi mpya itabanduka kama ngozi.

Nitajuaje kama ukuta wa nje unahitaji kupakwa upya? Pitisha kiganja. Kikitoka na vumbi la rangi, gundi imeanza kuisha. Mwagia maji kidogo. Ukuta ukigeuka mweusi papo hapo na kuyanywa, kinga yake imekwisha.

Mimi ni mpangaji, na chumba kinabanduka rangi. Nifanye nini? Kwanza linda watoto: futa vipande na vumbi kwa kitambaa chenye maji, na sogeza kitanda mbali na ukuta huo. Kisha mweleze mwenye nyumba kwa maandishi. Kama kuna mtoto aliyekuwa anakula au kulamba vipande vya rangi, mpeleke kituo cha afya na umweleze mhudumu jambo hilo waziwazi.

Rangi iliyobaki niifanyeje? Ifunge kwa nguvu, iandike jina la chumba na tarehe, na uiweke kivulini mbali na watoto. Usiimwage mtaroni wala karibu na kisima. Lita moja iliyotunzwa vizuri inatosha kufuta alama za mikono za mwaka mzima.